Mwanangu Alivyomrudia Bibi Yake

Nilirudi kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na diploma ya upimaji wa ardhi, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo. Nilivuka Ruvuma nikiwa kijana, nikauza karanga Mtwara, nikajisomesha sekondari kwa karanga hizohizo, hadi nikafika chuo Dar es Salaam bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Gesi ilipopatikana baharini kwetu na kampuni zikaanza kutafuta watu wanaojua kusoma ramani, wenzangu wengi walikuwa bado wanaulizana gesi ni kitu gani. Mimi sanduku langu lilikuwa limeshafungwa.

Nilijenga nyumba ya bloku na bati, ya kwanza katika mtaa wetu, kwenye kiwanja cha mama mkwe wangu, kwa sababu kwetu mume ndiye anayehamia kwa wakwe. Nyumba yake ilikuwa mbele, yangu nyuma, na katikati palikuwa na ua wa makuti. Kwenye ua huo palikuwa na pengo dogo, linalotosha kuku na mtoto.

Mama mkwe na mimi hatukuwa tukizungumza. Hatukuwa na ugomvi. Ndiyo adabu ya kwetu. Mkwe hasemezani na mume wa binti yake uso kwa uso. Tukikutana njiani mimi naugeukia ukuta, yeye anavuta kanga. Akiwa na neno la kuniambia, analiambia kitu kilicho karibu: mtungi, kuku, au mtoto. Mimi nalisikia, nami namjibu kupitia kuku huyohuyo. Tuliishi hivyo miaka kadhaa na tukaelewana kuliko watu wengi wanaopeana mikono.

Mke wangu alikuwa amemaliza darasa la kumi na mbili Pemba, mji mkuu wa jimbo letu. Mwanetu alipokaribia miaka mitatu, mama yake alipata kazi ya mapokezi kwenye mojawapo ya nyumba mpya za wageni, zile walizokuwa wakilala watu wa kandarasi. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Kila asubuhi getini palikuwa na wasichana kutoka Pemba na Nampula, vyeti mkononi, wakimsubiri mmoja wa ndani akosee. Mke wangu aliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu chochote. Alisema amechoka kuitwa mke wa mpimaji. Mimi niliona ni jina zuri, lakini nilimwelewa.

Basi mtoto akae wapi? Bibi yake yuko nyuma ya ua, kila mtu alisema. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Kireno changu nilikipata ukubwani, na kwenye usaili wangu wa kwanza nilipitwa na mtu asiye na diploma ila ana Kireno cha tangu kunyonya. Niliapa mwanangu hatapitwa hivyo. Nikamwandikisha eskolinya, shule ya watoto wadogo iliyofunguliwa na mama mmoja kutoka Nampula katika nyumba ya kupanga karibu na barabara ya utawala.

Siku ile ya kwanza tulipokuwa tunatoka, mama mkwe alikuwa upande wake wa ua akimwaga pumba. Akamwambia kuku wake, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, "Wewe una bahati. Vifaranga vyako hulipi mtu akulelee."

Nilijifanya sikusikia. Lakini mwezi haukuisha kabla sijaanza kumfikiria yule kuku. Pale eskolinya kila jambo lilikuwa na jina la Kireno, na kila jina lilikuwa na bei yake. Kulikuwa na matrikula ya kuandikisha. Kulikuwa na bibe, lile joho fupi la mistari wanalovaa watoto juu ya nguo, nalo lazima lishonwe na fundi wa mwenye shule. Kulikuwa na multa, yaani faini, kwa mzazi anayechelewa kumchukua mtoto. Sabuni ulete, mkeka ulete, sukari ya uji ulete. Ukijumlisha, robo tatu ya mshahara wa mke wangu ilikuwa inaishia mikononi mwa mama yule, na tulikuwa tukijisifu kwamba nyumba yetu ina mishahara miwili.

Tena ukishalipa, hujui kama mlango utakuwa wazi. Maji yakikatika, eskolinya imefungwa. Mpishi akifiwa, imefungwa. Mtoto akitiririka pua kidogo anarudishwa, na sijapata kuona mtoto wa Palma asiyetiririka pua msimu wa upepo. Ijumaa walifunga saa sita. Sina ugomvi na Ijumaa, naswali kama Mwislamu yeyote, ila wageni wa kandarasi hawakuacha kushuka na masanduku yao kwa sababu ni Ijumaa. Mimi nilikuwa porini na vyombo vya kupimia, mbali na mtandao wa simu. Aliyekuwa akiomba ruhusa kila mara ni mke wangu, na shefe, mkuu wake wa kazi, alikuwa akihesabu.

Hata hivyo mtoto alianza kuniamkia kwa Kireno asubuhi, na alihesabu vidole vyake hadi kumi bila kukwama. Nikawaalika jirani wawili waje kusikia. Nilisema moyoni, wacha walipishe.

Halafu Jumatatu moja tukakuta viti vidogo vya rangi vimepangwa barabarani, na juu yake sufuria la uji. Mwenye nyumba alikuwa amepata mpangaji wa kandarasi aliyelipa mwaka mzima mbele. Mama wa Nampula alikaa kwenye kiti kimoja cha watoto, magoti yakimfika kidevuni, akipiga simu moja baada ya nyingine. Alituambia tumsubiri apate nyumba. Palma ya miaka ile ungeisubiri nyumba hadi uzee. Hata mabanda ya mbuzi yalikuwa yakipakwa chokaa ili yapangishwe. Ada ya mwezi hakuirudisha, na kwa haki nisingeweza kumdai mtu aliyekaa barabarani.

Mke wangu akafanya alivyoweza. Alimpeleka mtoto kazini na kumficha chumba cha mashuka. Alimudu hadi Alhamisi. Asubuhi hiyo wageni walikuwa mezani wakinywa chai, na mwanangu akawatokea amevaa foronya kichwani, akawahesabia vidole kwa Kireno. Wageni walipiga makofi. Shefe hakupiga. Alimwita mke wangu pembeni, akamwambia maneno ambayo aliporudi nyumbani aliyarudia kama mtu anayesoma hukumu: "Kaa nyumbani hadi Jumatatu, kisha uje peke yako. Mkija wawili, mtarudi wawili."

Mimi si mtu wa kukaa na tatizo likatazamana nami. Alasiri ileile nilivaa viatu vyangu vya kazi, nikazunguka ua, nikaenda kusimama mlangoni kwa mama mkwe. Alikuwa amekaa na ungo, akichambua mchele. Nilimwamkia, nikamweleza kwa heshima zote kwamba kuanzia Jumatatu ningependa amlee mtoto, na kwamba nitamlipa kila mwisho wa mwezi kiasi kilekile nilichokuwa nikilipa eskolinya, na Jumapili atapumzika. Nilidhani nimesema jambo la mtu mstaarabu. Ni wangapi kwetu wanaowalipa bibi?

Alivuta kanga hadi uso wote ukapotea, akainuka na ungo wake, akaingia ndani.

Jirani walikuwa wamesikia, na jirani wakisikia, mke wako atasikia kabla hujafika nyumbani. Nilimkuta amesimama kibarazani.

"Umekwenda kusimama mlangoni kwa mama yangu umpe kazi ya uyaya?"

Nikamwambia si uyaya, ni ajira rasmi. Hilo halikusaidia.

Ijumaa asubuhi pengo la ua lilikuwa limezibwa. Makuti mapya, mabichi, yamefungwa kwa kamba ya usumba vifundo juu ya vifundo. Mtoto alikwenda pale kama alivyozoea, akayasukuma kwa paji la uso, akarudi kunitazama kana kwamba ni mimi niliyeziba. Kutwa ile mke wangu alisema nami maneno ya lazima tu. Alianza kupiga pasi sare yake, kisha akaikunja ikiwa nusu imepigwa, akaiweka kabatini.

Jumamosi tulikuwa kibarazani. Mtoto akaenda tena kwenye ua, akapiga makuti kwa kiganja. Ninyi mnaotoka kwetu mnajua kwamba mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Ndio utani wao tangu anapozaliwa, na mke wangu mwenyewe mama yake akimtania humwita mke mwenza. Basi mtoto akaita kama alivyofundishwa.

"Mke wangu, fungua."

"Nani huyo?" sauti ikatoka upande wa pili. "Mimi sina mume. Wangu aliniacha bila talaka, akaenda kwa mwanamke wa Nampula. Anavaa bibe, anaimba Kireno. Nasikia na huko kafukuzwa."

"Mke wangu, nataka ndizi."

"Ndizi? Mume asiyeleta nyumbani hata mche wa sabuni, leo anadai ndizi?"

Mke wangu alicheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi, akajiziba mdomo. Mimi sikucheka. Mpimaji akiona alama moja ardhini anajua pa kutafuta ya pili, na mimi nilikuwa nimeshaiona ya pili. Mama mkwe hakukataa kupewa. Alikataa kupewa na mimi. Mshahara kutoka kwa mkwe ni kumfanya mtumishi mbele ya mtaa, lakini matumizi kutoka kwa mume ni haki ya kila mke, na sabuni alikuwa amekwisha kuitaja.

Nikamwita mtoto, nikamwambia kwa sauti ya kuvuka ua, "Mwambie mkeo kwamba mwanamume akikosa huja na watu wake. Kesho baada ya alasiri utakwenda kumrudia."

Kisha tukasikia pumba zinamwagwa. "Kuku," alisema, "tutaona kama njia anaijua."

Jumapili nilifanya mambo kwa ukamilifu, maana mimi nikifanya jambo nalifanya. Nilimwita shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ambaye ni fundi mwashi na mjomba wa mtoto, awe mshenga. Nilinunua doti ya kanga, mchele, sukari, na mche mzima wa sabuni, tukavipanga kwenye sinia. Mtoto tulimvika kanzu na kofia. Bibe akakataa kuivua, basi akaivaa juu ya kanzu. Sikuenda mwenyewe, hapo si mahali pangu. Nilikaa upande wangu wa ua, sikio kwenye makuti, na wanawake wa mtaa wote walikuwa upande wa pili.

Shemeji alisema maneno kama yanavyosemwa: mume amekosa, mume amekuja, mume hana la kujitetea. Mama mkwe alimwacha asimame kwanza. Kisha akatoa masharti yake. Matumizi ya mwezi mume atayaleta kwa mkono wake, si kwa mkono wa mtu mwingine. Mume akiumwa mafua hatafukuzwa nyumba hii. Nikangoja sharti la tatu, kwa sababu nilikuwa nimemwagiza shemeji aombe mtoto asiachishwe Kireno, na bado sikumsikia akiomba. Hakuhitaji.

"Na yule wa Nampula," mama mkwe alisema, "akipata nyumba, simkatazi mume wangu kwenda. Lakini mke mkubwa ni mimi, na zamu nitapanga mimi."

Vigelegele vilipigwa. Nilichungulia kwenye tundu, nikamwona mume amekaa mapajani mwa mkewe na ndizi kila mkono. Usiku haukuingia kabla kamba za usumba hazijakatwa.

Jumatatu mke wangu alitoka peke yake, sare imenyooka, akafika kabla ya shefe. Akafika hivyo hadi majaribio yakaisha, na wasichana wa getini wakahamia geti lingine. Mama wa Nampula baadaye alipata nyumba mbali kidogo, watoto wakiwa wamepungua, akakubali kupokea ada ya asubuhi tu. Zamu zikapangwa: asubuhi ni ya mke mdogo, na mchana, Ijumaa, mafua, misiba na ukosefu wa maji ni vya mke mkubwa. Mwanangu leo anasoma, na Kireno chake hakina doa. Wala sikuokoa metikali hata moja, nisidanganye. Mke mkubwa alikuwa na madai yake kila mwezi, na ilipofika Idi alitaka shuka za kitanda kama zile za nyumba ya wageni. Mume alizipeleka.

Siku mke wangu alipothibitishwa kazini alipitia dukani, akamnunulia mama yake kanga kwa mshahara wake mwenyewe. Akaenda kwenye pengo, akaipitisha kwa mkono. Kanga ikarudishwa.

"Sipokei kitu kwa mke mwenza," mama yake alisema kutoka ng'ambo. "Mwenye nyumba yupo. Ailete."

Mke wangu akamkabidhi mtoto kanga ile. Aliikumbatia, ikamzidi, ncha moja ikaburuta mchangani, akakwama kwenye pengo na mzigo wake. Nikaenda kuchukua kisu na utepe wangu wa kupimia, nikaliongeza lile pengo kwa upana wa mume mwenye mzigo. Sijawahi kupima mpaka wowote uliopokelewa vizuri namna ile na pande zote mbili.