Kanga Aliyoikalia Mama Saumu

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja nilipopelekwa Kariakoo kumwigiza mtu mbele ya macho yake mwenyewe. Nilikuwa kidato cha tatu, mdomo mwingi, akili kidogo. Darasani nilikuwa nimemwigiza Mama Saumu, muuza kanga aliyejulikana mtaa mzima. Nilijifunga mto nyuma, nikapaza sauti yake: "Haki ya Mungu imebaki hii tu!" Wenzangu walicheka hadi machozi. Mwalimu wetu wa uigizaji, Mzee Mbwana, hakucheka.

"Kamwigize mbele yake," akaniambia. "Akicheka, unakwenda kwenye mashindano. Asipocheka, nampeleka mwenzako."

Basi nikaigiza palepale Kariakoo, mezani kwa Mama Saumu, mto na vyote. Mama Saumu akaendelea kukunja kanga. Majirani zake wakatazama pembeni. Mpaka leo nikikumbuka, masikio yananiwaka.

"Sauti umeipata," akasema, "lakini mimi sijajiona. Kaa hapo."

Nikakaa. Karibu na adhuhuri akaja dada mmoja kafura, anataka kanga yenye maneno ya kumpasha jirani yake wa Magomeni. Mama Saumu akaivuta taratibu kanga moja yenye maneno makali, akaikalia. "Haki ya Mungu imeisha, mwanangu. Chukua hii ya kuombeana heri." Akamsikiliza, akambembeleza, hadi dada yule akaondoka anatabasamu. Mungu amsamehe kiapo kile, maana alizima ugomvi wa watu. Nilimpenda mama yule hapohapo, nikaona haya kwamba nilimcheka bila kumjua.

Nikainuka, nikaigiza upya, safari hii bila mto. Nilipofika pa kuikalia kanga, Mama Saumu alicheka hadi akajifunika uso kwa mtandio. "Leo nimepatikana," akasema. "Ni mimi huyu." Siku ya mashindano alikaa mstari wa mbele.

Sasa wewe, jana nilikuona ukimwigiza mlinzi wetu wa shule, unaburuza mguu, darasa zima hoi kwa kicheko. Kipaji unacho, tena unanizidi mimi. Lakini umeuona mguu tu, mwenyewe bado hujamwona. Usimwigize mtu kwa namna ambayo huwezi kumwonyesha machoni pake. Kaa naye kwanza, umsikilize, mpaka umpende.

Mungu akupe jicho la huruma na sauti isiyokauka. Haya, nenda getini, zamu yake inaisha saa kumi. Na shikamoo yake usiisahau.