Jiwe la Nyumba ya Juu

Nilipokuwa mtoto, kitongoji chetu kilikuwa chini barabarani, upande wa Butiama unaoelekea Buhemba, nyumba zimepangwa mstari. Lakini watu wake walikuwa wa kilimani. Walihamishwa na serikali kabla sijazaliwa, na kule juu zikabaki kuta, minyaa na makaburi. Sisi watoto tulikatazwa kupanda. Bibi alisema mke mwenzake alikataa kushuka, na kwamba bado yuko kwake, ingawa alikwisha kufa.

Mwaka ule sabuni haikuonekana dukani, na mashine ya kusaga ilisimama kwa kukosa dizeli. Mama akapanda kilimani, akarudi na jiwe la kusagia.

Bibi akalitambua, akamgeukia Mama. "Mama Nyangeta, rudisha. Hilo lina mwenyewe. Atakuja."

"Sasa mama, watoto walale njaa?" Mama alijibu kwa upole, akaendelea kusaga mtama.

Mchana mmoja, Mama akiwa kisimani, nilisikia jiwe likisaga. Nilichungulia jikoni. Mdogo wangu Magori, ambaye hata kuongea alikuwa anajifunza, alikaa peke yake akicheka.

"Bibi wa juu," akaniambia.

Nilitoka mbio.

Kesho yake Magori akapotea. Fisi walikuwa wengi miaka ile. Jua likishuka, kitongoji kizima kilipanda kilimani kumtafuta, hata wazee ambao hawakuwahi kukanyaga kule tangu wahamishwe. Tulimkuta katika nyumba ya yule marehemu, isiyo na paa tena, amelala, midomo imejaa unga. Hakuna aliyethubutu kuvuka kizingiti isipokuwa Bibi. Alipiga magoti.

"Mke mwenzangu, ulikuwa unatuitaga, tukanyamaza. Tuliogopa mgambo. Nipe mtoto."

Wanaume waliinamisha vichwa. Baba alilia waziwazi.

Mama alirudisha jiwe. Miaka ilipolegea na watu wakaachwa wakae wanapotaka, tulirudi kujenga kilimani. Magori sasa ni fundi pikipiki huko Bweri, hakumbuki chochote. Nani alimlisha, sijui mpaka leo.

Lakini Bibi, kabla hajafa, aliniambia kwamba kila asubuhi walitazama moshi wa mke mwenzake kutoka barabarani, mpaka asubuhi moja haukupanda. Hakuna aliyekwenda kuona. Nadhani hofu ya kile kilima tulirithishwa na watu walioutafuta ule moshi kwa macho, wakaukosa, wakaingia ndani kunywa uji.