Ua Lililokaa Darasani Badala Yangu

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mdogo wangu, ninayelala naye chumba kimoja, anakielewa akikisikia lakini hawezi kukisoma. Hiyo ndiyo kufuli ya daftari langu.

Mwaka wa pili wa korona, mwezi wa saba, baridi ya Sydney ilipokolea, shule zilifungwa tukaanza kusoma kwa kompyuta. Wenzangu walilalamika. Mimi nilimshukuru Mungu, kisha nikamwomba msamaha, maana watu walikuwa wanaumwa. Lakini ukweli ni huo. Mimi nikiitwa jina darasani shingo inapata joto mpaka masikioni, na sasa serikali yenyewe ilikuwa imeniamuru nikae nyumbani kwetu St Marys nisitazamwe na mtu.

Raha hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano mwalimu wa sayansi akasema amechoka kuongea na viboksi vyeusi, kila mtu awashe kamera. Nikamwandikia ujumbe kwamba naona aibu. Sikuwa na uongo wowote mzuri uliokuwa tayari. Akajibu: "Sawa. Nionyeshe kitu chochote chenye uhai, nijue upo. Siku kikifa, utatokea wewe." Aliweka na kikatuni cha kucheka, lakini mimi niliuchukua kama mkataba.

Kitu chenye uhai kilichokuwa karibu ni ua la mama. Mama anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, na binti wa mzee mmoja alikuwa amewagawia wafanyakazi maua ya kwenye vyungu kuwashukuru. La mama linaitwa heather. Ni kichaka kifupi, majani membamba kama sindano, kimejaa vikengele vya rangi ya waridi mpaka kwenye ncha, na kinachanua katikati ya baridi wakati mimea mingine yote imekata tamaa. Mama alilipulizia dawa ya virusi mlangoni kabla halijaingia, kama alivyopulizia kila kitu, pamoja na sisi.

Bibi, mama yake mama, alilizunguka akilitazama.

"Wamekupa fagio," akasema.

"Mama, hilo ni ua," mama akamjibu.

"Ua naliona. Nasema wamelichomeka kwenye fagio."

Kesho yake nikaliweka mbele ya kamera, na likafanikiwa kuliko mimi. Watu waliosoma na mimi miaka miwili bila kunisalimia wakawa wanalisalimia kwa ujumbe. "Ua, umeamkaje?" "Ua, umefanya zoezi la jana?" Mwalimu alisema huyo ndiye mwanafunzi pekee asiyetafuna akiwa darasani. Mimi nilikuwa nyuma ya kompyuta, nimejifunika blanketi, natafuna.

Tatizo lilikuwa meza. Darasa langu lilikuwa meza ya kulia chakula, na meza ile imeegemea hita. Lebo ya kwenye chungu ilisema wazi: weka mahali pa baridi penye mwanga, udongo usikauke wala usituamishe maji. Niliisoma. Naandika hapa kwamba niliisoma ili nisije nikajidanganya baadaye. Lakini mahali pa baridi penye mwanga ni nje, nyuma ya nyumba, na huko intaneti haifiki. Kwa hiyo nililiacha kwenye joto, na kila niliposikia hatia nikalimwagia kikombe kizima cha maji. Nilisikia hatia mara nyingi sana.

Baada ya wiki tatu nililigusa. Vikengele vikaanguka kama makombo ya mkate mkavu. Rangi, hata hivyo, ilikuwepo! Kumbe heather ndivyo lilivyo, maua yake hukaukia palepale kwenye tawi, na mtu wa mbali hawezi kujua. Kwenye kamera lilikuwa linapendeza vilevile. Nikapiga hesabu: muhula umebakiza wiki nne, na maiti haina haraka. Nikaacha kuligusa kabisa. Nikawa nakaa mezani bila kukohoa.

Bibi ndiye aliyegundua. Bibi analima lengalenga, mchicha wa kwetu, kando ya uzio, na jivu la mkaa wa kuchomea nyama analihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, alikolelea watoto sita, jivu lilikuwa mbolea, dawa ya wadudu na sabuni ya sufuria. Basi katikati ya kipindi cha sayansi nikaona mkono unaingia kwenye skrini. Kisha kopo. Kisha Bibi mzima na kilemba chake, analinyunyizia ua jivu kama anayetia chumvi kwenye mboga.

"Bibi, toka! Wananiona!"

"Wewe nani anakuona? Wananiona mimi." Akaipungia mkono kamera. "Hamjambo, watoto!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. "Hilo ni jivu? Mwambie aache! Tafadhali, mwambie!"

Sikuwa nimewahi kuwasha sauti yangu tangu shule ifungwe. Nikaiwasha.

"Bibi, mwalimu anasema uache."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa sayansi."

"Muulize, yeye kwao analima nini?"

Nikamuuliza. Mwalimu akafikiri kidogo. "Nyanya mbili. Zilikufa."

Nikatafsiri. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akaongeza jivu.

Mwalimu akaeleza kwamba mboga nyingi zinaweza kulipenda jivu, lakini heather linataka udongo mchachu, na jivu linaondoa uchachu wote. Bibi alisikiliza kwa heshima, maana mwalimu ni mwalimu hata akiwa ameua nyanya. Akaweka kopo chini. Ndipo likaja swali nililoliogopa.

"Lakini naona lilianza kukauka kabla ya leo. Mnaliweka wapi?"

Bibi akanikazia macho akisubiri tafsiri. Ikabidi nitafsiri.

"Mwambie ukweli," akasema. "Liko hapa hapa kwenye moto, usiku na mchana, kama mgonjwa. Nilikuambia litoe nje, ukaniambia linasoma."

Siku ile niligundua kwamba mtafsiri ana mamlaka makubwa. "Bibi anakusalimia," nikamwambia mwalimu.

"Maneno yote hayo ni salamu?"

"Salamu zetu ni ndefu."

Bibi hajui Kiingereza kingi, lakini kuhesabu maneno anajua. Akaishika kompyuta kwa mikono miwili akaigeuza. Akawaonyesha hita, akawaonyesha chungu, kisha akanionyesha mimi, ndani ya blanketi, mkate mdomoni.

Niliifunga kompyuta. Nadhani nilipiga na kelele.

Mama aliporudi kazini alinikuta nimekaa sakafuni na chungu, natafuta uhai. Chini kabisa, upande ulio mbali na hita, nilipata vitawi viwili vya kijani.

"Limekufa au lipo?" akauliza.

"Lipo nusu."

"Basi litoe nje sasa hivi."

"Mama, nikilitoa, kesho nitaweka nini mbele ya kamera?"

Alikuwa amevaa barakoa tangu asubuhi, mashavu yake bado yana mistari. "Utaweka uso," akasema. "Unao."

Ningeweza kuliacha. Lingekaa pale, zuri na limekufa, mpaka muhula uishe, na ule mkataba ulikuwa umevunjwa na Bibi, si mimi. Nilikaa pale sakafuni nikilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikakwangua jivu kwa kijiko, nikatoa udongo wa juu, nikapunguza ncha zilizokauka, nikalimwagilia maji ya mvua kutoka kwenye ndoo ya uani. Nikaliacha nje, ukutani, penye jua la asubuhi.

Kesho yake niliwasha kamera. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, wataje paji la uso, meno, nywele ambazo mdogo wangu alikuwa amesuka upande mmoja akachoka. Kisha ujumbe wa kwanza ukaingia: "Ua liko wapi?" Wa pili: "Limekufa?" Wa tatu: "Semeni ukweli, bibi ameliua?"

Hakuna hata mmoja aliyetaja uso wangu. Nilishusha pumzi. Halafu nikaudhika kidogo, maana nilikuwa nimepaka mafuta.

"Washa sauti utueleze," mwalimu akasema.

Nikawaeleza habari za vitawi viwili, za maji ya mvua, na za lebo, kwamba niliisoma. Wakauliza, nikajibu, wakauliza tena. Mwalimu akanikatiza akasema nyuma yangu kuna mwanga mkali wa dirisha, hanioni vizuri, je, naweza kusogea kidogo?

Nikasogea.