Upole wa Mama Ulioishia Dukani

Nikisikia ngoma ndogo ikidunda popote, hata kwenye tangazo la redio, namwona mama yangu ameinama nyuma ya mteja, kidole kikielekea kwenye kioo. Kompyuta za duka letu mtaani Munuki, jijini Juba, zilidunda hivyo kila zilipowashwa. Wateja walishtuka, na wengine waligeuka kutazama mlango.

Tulirudi Juba kutoka Eldoret baada ya mkataba wa amani kutiwa saini, mama na mimi, na kiduka cha kuchapa barua ndicho kilichotuweka mjini. Kikifungwa, tungerudi kulala sebuleni kwa mjomba, na sebule ile niliijua vizuri mno.

Virusi ndivyo vilivyotuponza. Kila flashi iliyoingia ilileta vyake, hadi barua za watu zikawa zinapotea mbele ya macho yetu. Binamu yake mama akafuta kila kitu, akaweka Linux, mfumo mwingine wa kompyuta usioshikwa na virusi hivyo, wenye ile ngoma ya kuwashia, akasema shida zimekwisha, akapanda basi akaenda zake. Shida zikahamia kwa wateja.

Mama Akello, Mganda aliyeuza vitenge mtaa wa Hai Jalaba, aliketi, akaitazama rangi ya kahawia iliyojaa kwenye kioo, akasimama. "Madam, hii computer yako iko gonjwa. Mimi nataka ile ya zamani."

"Si mgonjwa, mama," mama yangu akamjibu. "Kaa tu, twende polepole."

Hiyo polepole ndiyo ikawa kazi. Mama alikuza herufi. Aliondoa vijipicha vya kubonyeza vilivyojaa kwenye kioo akabakiza vinne, akavipa majina ya kwetu: Andika, Barua, Picha, na cha kuzimia mashine akakiita Kalas, maana hakuna mtu Juba asiyejua kwamba kalas ni basi, imekwisha. Hata hivyo kijana mmoja alirudi akifoka kwamba barua yake ya kuomba kazi imekataa kufunguka huko ofisini. Mama akamwomba radhi, malesh, malesh, akaichapa upya, kisha akazipanga mashine zote zihifadhi barua kwa namna ambayo ofisi zimeizoea. Na kila aliyeingia, mama alimsalimu kwa kirefu, akamuuliza habari za watoto, ndipo akavuta kiti akaketi naye. Maneno yale yale, upole ule ule, kutwa nzima.

Wateja walirudi. Mama akawa bubu nyumbani. Nikimwonyesha hesabu zangu alitikisa kichwa tu. Akitaka chumvi aliinyooshea kidole. Niliona wivu mchungu. Niliamini kabisa kwamba Mama Akello alipendwa kuliko mimi.

Siku hizi nafundisha watu Linux hiyo hiyo. Imekuwa rahisi kuliko zamani, lakini watu bado wanaogopa kuibonyeza, na bado lazima mtu akae karibu nao. Juzi nilifika nyumbani nimechoka hoi. Binti yangu akaanza kunisimulia mambo ya shule, nikainua mkono anyamaze. Akageuka, akaingia chumbani kwake. Ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa amenichoka. Alikuwa amechoka tu, na ilikuwa kwa ajili yangu.

Nikajikokota nikamfuata binti yangu, nikaketi kitandani kwake. Sikuwa na neno hata moja lililobaki, kwa hiyo nilikaa tu.