Jina Lisilojulikana Nyalenda

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Jua lilichoma tangu asubuhi. Alasiri mawingu yalishuka kutoka milima ya Nandi, mvua ikanyesha kwa muda mfupi na kuacha matope mtaa mzima wa Nyalenda.

Ilipokatika, fundi Griffins alibisha kwa Mama Terry, mjane anayeshona sare za shule katika chumba cha mwisho cha ploti ya vyumba vya kupanga. Aliitwa kwa ajili ya waifai. Terry, binti yake wa pekee, anafanya kazi Doha, na ndiye anayeulipia mtandao huo ili kila Jumamosi jioni waonane. Jumamosi iliyotangulia alisema, "Mama, kuna kitu nataka kukuambia," kisha uso wake ukaganda kwenye simu, mdomo wazi. Baadaye ukaja ujumbe kwamba si jambo la kuandika, angoje wiki ijayo. Wiki nzima Mama Terry alishona huku nusu ya sentensi ikimlia masikioni.

Griffins alimwonyesha orodha ya simu zilizokuwa zikitumia mtandao wake. Ploti nzima ilikuwa humo. Kila jioni majirani walijaa kwenye benchi chini ya dirisha lake, wakicheka na video zao. Fundi akauliza paswadi ni nini. Alipoambiwa ni Terry na mwaka aliozaliwa, alitikisa kichwa.

"Mama, kutoka bombani hadi kanisani unaitwa Mama Terry. Hiyo hata paka wa hapa anaijua."

Akabadilisha kwanza paswadi ya ruta yenyewe, kile kisanduku cha waifai, ile iliyobandikwa chini yake tangu dukani. Kisha akampa simu na kugeukia ukuta. Aandike maneno matatu, alisema, ambayo hakuna mtu wa hapa anayeweza kuyabahatisha.

Mama Terry alifikiri mpaka kioo cha simu kikazimika, akakiwasha tena. Akaandika Nabututu, halafu jina la kijito alichotekea maji utotoni upande wa Chwele, halafu la ng'ombe wa babake. Nabututu ni yeye. Tangu mumewe azikwe, hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Jioni Terry alionekana safi, hata mikunjo ya pazia nyuma ya kitanda chake.

"Mama, nimetia sahihi mkataba tena. Miaka miwili mingine. Desemba sitakuja."

Kila neno lilifika zima. Mama Terry alitamani picha igande kidogo tu, apate pa kuuficha uso wake.

"Unanisikia, Mama?"

"Nakusikia vizuri."

Walipomaliza, sauti ya Lornah, jirani anayekaanga samaki, ilipita dirishani: "Mama Terry, umefungia mtandao kama kuku? Haya, ulale nao salama." Wengine walicheka, wakaondoka. Benchi lilibaki na maji ya mvua juu yake. Alizima taa mapema kuliko kawaida, lakini usingizi haukuja.

Asubuhi, ingawa pipa lake lilikuwa limejaa, alichukua mtungi akaenda bombani. Lornah alikuwa akikinga maji, amempa mgongo. Mama Terry alisimama nyuma yake mpaka ndoo ikajaa.

"Mimi naitwa Nabututu," akasema.

Lornah aligeuka. "Nani?"

"Nabututu. Ndilo jina langu. Ukitoka kanisani, njoo na simu yako. Hayo maneno mengine mawili ya paswadi nitakuandikia, tukinywa chai."

Lornah alilijaribu jina lile polepole, akalikosea, akarudia. Nabututu alimsaidia kujitwika ndoo, kisha akaweka mtungi wake chini ya bomba.