Tundu Jipya la Mkanda

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Misigiri kusubiri ajira, nikiwa na shahada moja na tumbo la mtu mwenye shahada tatu. Daktari wa zahanati alinipima presha, akapima tena, kisha akasema, "Kijana, punguza mwili, la sivyo utaanguka." Nilimwamini. Nilikuwa nahema hata nikiinama kufunga kamba za viatu.

Asubuhi iliyofuata nikavaa raba, nikashika barabara ya vumbi. Kabla sijafika kwenye mashine ya kukamua alizeti, nikasikia miguu nyuma yangu. Nikageuka. Majirani wanakuja mbio na fimbo, mbele yao baba yangu mdogo.

"Wamepita wapi?"

"Nani?"

"Si walioiba ng'ombe!"

Kwetu mtu mzima hakimbii bure. Nikasema, "Shikamoo, baba mdogo. Nafanya mazoezi."

Alinitazama kuanzia raba hadi tumboni, akasahau hata kuitikia. "Mazoezi? Majembe yamekwisha kwenu?"

Toka siku hiyo nilitembea haraka haraka nikiwa na jembe begani. Hakuna aliyeniuliza tena. Nilizunguka mashamba ya watu na jembe lisilogusa udongo, nikirudi nimelowa jasho, wazee wakinisifu kwa bidii.

Nyumbani nilikata ugali wa mtama nusu, nikaacha nyama, nikabaki na mlenda. Mwili ukaanza kupungua. Suruali zikalegea hadi nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. Nilijisikia mshindi.

Siku moja nikakuta mama amechinja jogoo wake wa mbegu. Aliweka bakuli mbele yangu, akavuta kigoda akakaa mlangoni, pale pa kupitia.

"Kula, baba."

"Nimeshiba, mama."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nimejipunguza mwenyewe. Daktari ndiye kasema."

"Baba yako naye alisema haumwi. Alisema ni kazi za shamba." Akautazama mkanda wangu. "Wake nilimtobolea mimi, kwa msumari. Nikatoboa tena. La tatu hakulifikia."

Nilikuwa na hoja. Nilikuwa nimesoma. Ningeweza kumweleza kwamba presha na ugonjwa uliommaliza baba ni vitu viwili tofauti. Lakini alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani, akisubiri nitafune.

Nikala. Nikamaliza paja, akaongeza kidari.

Kesho yake majirani wakaanza kuja kumwona mgonjwa. Huyu mayai, yule asali, mwingine kuku mzima amefungwa miguu. Baba mdogo alileta mbuzi. "Ndiyo maana ulikuwa unakimbia ovyo," alisema kwa huruma. "Ungetuambia."

Ajira ilipotoka, tundu la msumari lilikuwa halitumiki tena.

Sasa nina mvi, na bado naagizwa na madaktari, wa mjini hawa, nipunguze mwili. Hupungua kidogo. Kisha likizo inafika. Mama haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo nikimwamkia hutangulia kunipapasa kiunoni, vidole vikitafuta pini ya mkanda imekaa wapi. Akikuta ipo tundu la mwisho, lile la karibu na ncha, ndipo huitikia.

"Marahaba, baba. Umepona."

Nami hutoka nje kidogo, nikameza kidonge cha presha, nikarudi mezani.