Wifi Yangu Anayejua Kwamba Anaota

Wifi yangu anapiga pasi nguo za watu kwenye duka la dobi lililo jirani na kituo cha afya. Ana kipaji ambacho mimi sikumwombea: akiota, anajua kwamba anaota. Si kila siku, ila mara nyingi kiasi cha kunikera. Ningemvumilia, maana kila mtu na lake. Lakini tangu mume wangu afariki, huyu dada yake amekuwa akiamka asubuhi na kuniambia, mswaki ukiwa mdomoni, "Nimekutana na mdogo wangu. Amenenepa."

Amenenepa. Mimi niliyemuuguza, niliyemfumba macho, sijamwota hata kwa bahati mbaya.

Naandika habari za wifi kwa sababu watu wengi wanamjua kwa maneno yake tu, na maneno yake ndiyo upande wake mbovu kuliko wote. Kazi ya pasi alifundishwa na mama yao, aliyekuwa akifua nguo za nyumba za watu. Alianza akiwa mdogo hata ikabidi asimame juu ya kreti ndipo aifikie meza. Sheria ya kwanza aliyopewa ni kwamba pasi haigusi nguo ya mtu kabla haijapimwa. Unalamba kidole, unagusa chini ya pasi haraka, unasikiliza. Ikilia chss kwa nguvu, subiri. Ikilia kwa upole, endelea. Kidole chake cha shahada kina ngozi kama soli ya kiatu.

Basi utotoni akaota anapiga pasi, akalamba kidole, akagusa, pasi ikanyamaza. Akaweka kiganja kizima. Kimya. "Nikajua hapa sipo," husema, kana kwamba jambo hilo halihitaji maelezo zaidi. Akakua akidhani watu wote wako hivyo. Mume wangu ndiye aliyemfumbua macho: "Dada, sisi wengine tukilala, tunalala."

Aliwahi kuolewa. Mumewe alimwacha, na majirani wanasema ni kwa sababu alikuwa akicheka usingizini. Yeye anasema ni kwa sababu ya mwanamke wa duka la viatu, na kwa hilo namwamini.

Baada ya mazishi alinichukua nikakae kwake, akanitafutia na kazi palepale dukani. Nakunja nguo na kubandika namba. Namshukuru Mungu, kisha namshukuru yeye, na mpangilio huo haujawahi kumpendeza.

Pale dukani ndipo nilipojua kwamba mateso yangu yana wenzake. Mtu analeta suruali moja, anauliza maswali kumi. Kuna dereva wa lori la maji ambaye naamini anayachafua mashati yake makusudi ili apate sababu ya kuja.

"Dada Pasi," anasema, ameegemea kaunta, "ukipaa kule ndotoni, unasikia upepo?"

"Nasikia nikikumbuka kwamba kuna upepo. Nisipokumbuka, hakuna."

"Na ukila, unashiba?"

"Unashiba hadi unapoamka. Hapo ndipo unagundua umedhulumiwa."

"Na ukianguka ukafa?"

"Nimekufa mara nyingi. Bado nakudai henga zangu za kutundikia nguo."

"Lakini hasa hasa, inakuwaje? Ni kama sinema?"

"Sinema unaitazama. Hii uko ndani yake, na hujui nani anawasha taa."

Watu wanacheka, mimi nakunja. Kila jibu lake linazaa maswali mawili, na foleni haisogei. Jioni namwambia, "Wifi, hili ni duka la nguo." Ananijibu, "Na wewe acha kununa, unakunja kola vibaya."

Sasa niseme kilichonifanya na mimi niingie kwenye foleni hiyo. Sauti ya mume wangu ilikuwa inanitoka. Sura ninayo, picha zipo. Nguo zake zipo. Lakini hakuwa mtu wa kujirekodi kwenye simu. Ujumbe wake wote ni neno moja, "sawa." Siku moja nikiwa nabandika namba nilijaribu kumsikia akilitamka jina langu, nikapata maneno bila sauti, kama kusoma kwenye karatasi. Nilimwomba Mungu, nikafunga, nikaomba tena. Halafu, kwa hasira ambayo naamini Mungu aliiona, nikamwendea wifi.

"Nifundishe."

Hakucheka, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Akaniambia nifanye kama anavyofanya yeye: mchana kutwa, kila nikishika kitu cha moto, nilambe kidole, niguse, nisikilize kwa dhati. Mazoea yataniingia hadi usingizini. Nikalamba. Nililamba kidole mbele ya birika, mbele ya sufuria, hata mbele ya balbu ya ofisi ya mchungaji, ambaye aliniuliza kama nina vidonda. Nikajikuta nauliza maswali yaleyale ya dereva. Unajuaje? Unaogopa? Mwili unausikia kitandani?

"Huogopi," alisema. "Ni kama pale unapokumbuka jambo katikati ya mazungumzo. Ah, kumbe. Basi."

"Basi tu?"

"Ulitaka tarumbeta?"

Mara ya kwanza niliota niko dukani, nikagusa pasi, ikanyamaza. Ah, kumbe. Kila kitu kikawa wazi, nyuzi za kitambaa zikahesabika, na mimi ndiye mimi, namjua Mungu wangu na najua nimelala. Moyo ukaruka kwa furaha. Nikaamka.

"Umefurahi," wifi akasema kwa dharau ya fundi. "Furaha ndiyo mlango wa kutokea. Ukijua, tulia. Sugua viganja. Angalia miguu yako. Kisha ndiyo umtafute."

Nilijaribu tena na tena, nikawa sipati kitu zaidi ya usingizi mzito na maumivu ya shingo. Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, nikajilaza mchana. Nikajikuta jikoni kwetu kwa zamani. Sufuria ilikuwa inachemka, nikagusa, baridi. Nikasugua viganja. Nikaangalia miguu. Chini ya sinki palitokeza miguu miwili ya mwanamume, maana mume wangu alikuwa fundi bomba, na bomba la kwetu ndilo lililokuwa likivuja kuliko yote mtaani.

Nilitulia. Nikasema, "Toka useme neno moja tu."

Akatoka. Akajifuta mikono kwenye suruali, jambo nililomkataza maisha yetu yote. Akanitazama, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya wifi yangu: "Unakunja kola vibaya."

Niliamka nikiwa na hasira za kupasua kuta. Nilimwomba Mungu sauti, kanipa wifi. Nikamkuta uani, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya karanga. Nikamweleza yote, nikingoja acheke. Hakucheka.

"Kwako anasemaje?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeshauliza habari za moto, upepo na mwili, hilo sikuwahi.

Akamenya karanga, akaiacha kiganjani. "Hasemi."

"Hasemi nini?"

"Hasemi chochote. Namsemea mimi. Nawaza angejibu nini, najijibu."

"Muda wote huu unanitambia?"

"Ulitaka kila asubuhi nikwambie nimekutana na bubu?"

"Na kule kunenepa?"

"Kunenepa, kweli kanenepa."

Kisha akasema, kama mtu anayejitetea, "Ila sauti yake ilikuwa nene."

"Haikuwa nene."

"Wifi, mimi nimezaliwa naye."

"Na mimi nimeitwa nayo. Haikuwa nene."

Akaweka karanga chini, akajikohoza. Mume wangu alikuwa na tabia ya kubisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, kama yuko kwa mteja. Wifi akajaribu: "Wenyewe mpo?"

"Hiyo ni ya askari," nikamwambia.

"Wenyewe mpo?"

"Umepandisha mno. Mwishoni alikuwa anashuka, kama mtu anayetua mzigo."

"Wenyewe mpo?"

"Sasa unaimba. Hakuwa anaimba. Na kulikuwa na mkwaruzo, hapa, mwanzoni."

Akajaribu hadi jirani akachungulia juu ya ukuta kuona nani amefika. Kila mara alikosea, na kila mara nilimsahihisha, nikizidi kukasirika, maana jambo lenyewe halikuwa gumu. Mwishowe akanigeukia, naye kachoka.

"Wewe unajuaje kama nakosea?"

"Kwa sababu siyo hiyo."

"Si ulisema umeisahau?"

Nilifuta uso kwa kanga, nikamwambia arudie, na safari hii ile "mpo" aimeze.